Waamuzi, acheni kutuomba radhi pembeni wakati ripoti zenu zinasema vingine

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitauma maneno.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya daraja la chini huku mkoani. Dakika za nyongeza beki wao kaunawa mpira mchana kweupe, mwamuzi kapeta. Kocha wangu kalalamika, kala kadi. Tukafungwa moja bila. Tunapanda Hiace, mwamuzi huyo anatokea, kashavaa ndala, begi begani, anamvuta kocha nyuma ya gari: "Nisamehe kaka, kweli kanawa, mimi nilizibwa." Akaomba na namba. Usiku akapiga tena kurudia yale yale.

Barua ya faini imeshafika. Kwenye ripoti kaandika kocha alitumia lugha isiyofaa kupinga "uamuzi sahihi". Uamuzi sahihi! Nyuma ya gari ulikuwa kosa, kwenye karatasi umekuwa sahihi.

Msiniambie eti kaonyesha ubinadamu. Radhi isiyoandikwa inamsaidia yeye alale usingizi, sisi inatuachia faini. Na waliomwona pale wamefikiria nini? Kwenye ligi zetu mwamuzi akisimama na kocha gizani, wapinzani wanahesabu bahasha. Tena akipangwa kwetu siku nyingine, ataona ana deni. Atatupa penalti ya kufidia, itakayoumiza timu ambayo haikuhusika kabisa. Mimi siitaki.

Hata Uingereza wana ugonjwa huu. Agosti 14, 2023, Old Trafford, Onana, kipa wa Manchester United, alimvaa Kalajdzic wa Wolves ndani ya boksi, penalti ikanyimwa, VAR (waamuzi wa video) ikanyamaza. Gary O'Neil, kocha wa Wolves, akapewa njano kwa kulalamika. Mechi ilipoisha, Jon Moss, bosi kwenye chombo cha waamuzi, akamwendea kukiri ilikuwa penalti ya wazi. Tumejua kwa sababu O'Neil mwenyewe aliwaeleza waandishi. Je, angenyamaza?

Mwezi uliofuata, goli la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilipokataliwa kimakosa, chombo hicho kilitoa taarifa jioni ile ile, na baada ya siku chache kikaachia sauti za chumba cha VAR. Liverpool hawakurudishiwa pointi, lakini kila mtu alisikia kosa lilivyotokea. Hapo angalau naheshimu.

Na makocha tusijitoe. Kugonga mlango wa chumba cha waamuzi ni upuuzi ule ule. Mourinho, wakati huo kocha wa Roma, alimsubiri mwamuzi Anthony Taylor kwenye maegesho Budapest baada ya fainali ya Europa League 2023 akamtukana, UEFA ikamfungia mechi nne. Alistahili.

Mwamuzi ukijua umekosea, andika kwenye ripoti. Ukitaka kuongea na kocha, kamishna wa mchezo awepo na kocha wa timu nyingine aitwe asikie. Namba za simu za nini?

Kocha wangu anakataa kuieleza kamati alichoambiwa, anasema aliambiwa kiungwana. Mimi nilikuwa mlangoni mwa gari, nimesikia kila neno. Wenye uzoefu wa rufaa, naomba kujua: maelezo yangu kama shahidi yanapokelewa, au lazima aandike yeye? Na kamishna aliyewaona wakiongea anaweza kuombwa maelezo ya ziada? Tunataka kulipeleka suala hili kwenye kamati kabla ya faini kukatwa.