Diski inakwama: kerneli ingoje sekunde 30, 180, au diski ikate tamaa mapema?

Bondeni_Nux: Wadau, seva ya duka hapa Nakuru, Linux. Diski ikikwama, kerneli (kiini cha mfumo) inangoja sekunde 30 kisha inaanza kuireseti. Nipandishe hadi 180? Naifungua kesho jioni.

Kondele_root: Diski gani? Moja ama RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja)? SATA ama USB? Tusipige ramli.

Lurambi_sda: Kama ni RAID, `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`. Sekta ikigoma, diski inaripoti kosa kwa sekunde 7 (hizo 70 ni sehemu za kumi za sekunde), md (RAID ya Linux yenyewe) inasoma diski ya pili na kuiandika upya sekta ile. Diski ikikataa amri hiyo, ndipo `echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`, kerneli ingoje sekunde 180.

Kondele_root: Stima ikipotea, diski nyingi husahau hiyo 70,70, kwa hivyo iwekee kanuni ya udev (huduma ya Linux inayoweka mipangilio kifaa kikionekana). Kuna seva ya RAID1 (diski mbili, data ile ile) hapa Kisumu, diski za kompyuta ya mezani. Sekta moja iligoma, diski ikang'ang'ana nayo zaidi ya dakika. Kerneli ilipofika 30 ikajaribu kukatiza amri, ikareseti diski, ikareseti laini nzima. Kimya. md ikaitupa nje. Wakaweka mpya, ile iliyobaki ikasomwa yote, ikakutana na sekta mbovu yake, yakawa yale yale. Data ikaenda, na diski zote mbili zilikuwa na sekta chache tu mbovu.

Menengai_io: 180 kwenye seva ya mauzo? Wateja watasimama kaunta dakika 3. Nunua diski za NAS (za seva za faili).

Bondeni_Nux: Si irudie tu amri haraka? Kuandika mara mbili mahali pamoja kuna ubaya gani?

Lurambi_sda: Muda kuisha si amri kufa. Umerudia kuandika A, ikakubali, ukaandika B palepale. Kisha A ya kwanza, iliyokuwa bado hai ndani ya diski, inaibuka na kuifunika B. Ndiyo maana SCSI (sehemu ya kerneli inayotuma amri kwa diski) hukatiza ama kureseti kwanza, ndipo irudie, na `sd`, dereva yake ya diski, ina kikomo cha kurudia mara 5.

Menengai_io: Na programu isirudie `fsync` (ombi la kuhakikisha data imefika diskini). Ya kwanza ikileta EIO (kosa la kusoma au kuandika), ya pili yaweza kusema sawa na data haikufika. Hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 12, hujiangusha makusudi, ikasoma upya WAL (kumbukumbu yake ya mabadiliko).

Kondele_root: Hiyo fungulia uzi wake. Bondeni, diski gani?

Bondeni_Nux: Ni moja, kwenye kasha la USB.

Lurambi_sda: Ungeanza na hilo! Hakuna nakala, basi sekunde 7 hazikufai, ipe 180. Lakini tazama `dmesg` (ujumbe wa kerneli) kwanza: ukiona `uas_eh_abort_handler` (dereva ya USB ikikatiza amri), shuku kasha au kebo.

Menengai_io: Duka zima kwenye USB? Bekapu iko wapi?