Nauli za ndege za ndani ziwekewe kikomo kama za mabasi?

Mtoto wa Kipawa: Basi la mkoani LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, inalipangia nauli kikomo. Ndege ya Dar–Mwanza, kata leo usafiri kesho, utadhani unakwenda Dubai. Nazo zibanwe. Shirika la Fastjet walituuzia tiketi 32,000 na ndege ikaruka.

Dada Tiketi: Hiyo 32,000 ni ya 2012, tena bila kodi na tozo, na viti vyenyewe vya kuhesabu. Nauli ina madaraja ya bei: la chini likijaa, mfumo unafungua la juu. Anayekata usiku wa kuamkia safari ndiye anayembeba aliyekata mwezi uliopita. Bana bei ya juu, na ya chini inakufa. Fastjet yenyewe ilisimama mwishoni mwa 2018.

Mtoto wa Kipawa: Kwa hiyo tunyonywe kwa utaratibu.

Fundi Hanga: Mkuu, shida ni dola. Kukodi ndege, bima, vipuri, kufumua injini, vyote dola, tiketi shilingi. Ongeza kodi na tozo. Mafuta yanashuka bandari ya Dar, Mwanza yanafuata kwa lori, kwa hiyo ndege inajaza ya kwenda na kurudi hapa hapa, na uzito huo nao unakula mafuta. Ndiyo maana mabegi yanaachwa. Halafu Wasukuma na maboksi yao ya sato!

Ngosha: Sato kaingiaje? Samaki anapanda Mwanza, anashuka Dar. Mafuta ya ziada yanalemea safari ya kwenda. Ya kurudi ndege ingeyabeba tu, hata ingejazia Mwanza. Kinachopunguza kilo pale ni uwanja kuwa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari: mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi, injini na mabawa vinapungukiwa nguvu.

Fundi Hanga: Kwenye mafuta umenishika. Ila barafu ikiyeyuka, maji ya samaki yanaingia chini ya sakafu ya mizigo, alumini inaliwa.

Ngosha: Sato agandishwe mpaka awe jiwe, nailoni nzito mbili, kila moja ifungwe peke yake, ndipo boksi la foamu. Likivuja, mlaumu aliyelipokea kaunta.

Dada Tiketi: Mmemaliza kukaanga? ATCL, shirika la umma, imekuwa ikikodi ndege za Serikali, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, aliandika hasara ya bilioni 56 na ushee kwa 2022/23, ruzuku ikiwemo. Mshindani wake Precision Air haina wa kuifidia hivyo. Weka kikomo, abaki mmoja, halafu mje mlie nauli.

Behewa la Pili: Dodoma kikomo kipo tayari: ushindani wa treni ya SGR, iliyoanza na 31,000 mwaka 2024.

Ngosha: Mwanza bado haijafika. Sato apande nini?

Mtoto wa Kipawa: Basi. LATRA wameshampangia.

Ngosha: Kwa siku nzima barabarani? Fundi, barafu kilo ngapi hapo?