Klachi mpya imekufa ndani ya miezi saba: nimlaumu dereva au fundi?

MzigoWaSoni: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina pikapu ya dizeli inashusha kabichi na viazi kutoka Lushoto hadi Mombo. Niliweka klachi seti nzima: pleti, presha inayoibana hiyo pleti, na beringi. Wiki iliyopita tunapandisha Soni na mifuko 12 ya saruji, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko juu, gari lenyewe linatambaa kama kinyonga. Na ile harufu! Kilomita 16,000 tu, wakati ya zamani ilipita 90,000. Fundi anasema dereva wangu anakalia klachi. Dereva anaapa kwa mama yake kwamba spea ilikuwa feki. Mlipaji ni mimi.

DadaGia: Kabla hujamfukuza kijana wa watu, panda naye. Kaa kushoto, achana na barabara, tazama mguu wake. Mimi nilijiona dereva mpaka mume wangu aliponionyesha kuwa kwenye foleni, Ubungo hadi Kimara, mguu wangu umelala juu ya pedali. Uzito huo mdogo unatosha kuilegeza presha, pleti ikawa inasuguka bila wewe kujua.

FundiMstaafu: Marahaba mwanangu. Pedali ina nafasi kidogo kabla haijaanza kugoma? Kama haina, klachi haishiki sawasawa hata dereva akiwa malaika. Kisha, flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo pleti inashikana nalo, ilichongwa au ilipanguswa tu kwa tambara?

Muhimu zaidi: giaboksi ikishushwa, uwe pale pale. Usikubali pleti itupwe hujaishika. Ikiwa imelika hadi kwenye ribiti na flaiwili ina madoa ya bluu, huo ni moto wa kuteleza: mguu, mzigo, au kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki. Ikiwa bado nene lakini imelowa oili, tafuta sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya krenki (shafti ya injini), au ya shafti ya giaboksi. Hapo ungefunga hata spea ya dhahabu, isingefika mbali.

MzigoWaSoni: Mzee, nimefungua leo. Pleti nene, nyeusi, inang'aa kwa oili. Sili ya krenki inavuja. Nilipombana fundi akasema aliiona tangu siku ile, ila nilikuwa nimemwambia, "Weka klachi tu, hela nyingine sina." Ni kweli nilisema. Lakini si angenitajia hata bei ya sili?

FundiMstaafu: Angekutajia. Sasa weka sili kwanza, flaiwili ioshwe oili yote, ndipo pleti.

DadaGia: Na mguu je?

MzigoWaSoni: Kabla ya kufungua tulishuka nalo tupu hadi Mombo. Dada, haukutoka pale hata mara moja.