Vidole vitatu vimekatika kiwandani, faili la hospitali linasema "ameumia nyumbani"

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar, zamu ya usiku, mashine ya kusaga chupa. Kinga ya mashine ilishang'olewa siku nyingi ili kazi iende haraka, kila mtu pale anajua. Saa tisa usiku ikamvuta mkono wa kulia. Vidole vitatu vikaenda.

Msimamizi akampeleka hospitali kwa bajaji. Mapokezi walipouliza kaumiaje, msimamizi ndiye aliyejibu: "Kaumia nyumbani, alikuwa anapasua kuni." Dogo damu inamchuruzika, kazungushiwa tisheti mkononi, angebishana saa ngapi? Faili likaandikwa hivyo. Wiki iliyofuata wakamletea shilingi 50,000 "ya pole" na karatasi ya kusaini. Akasaini kwa mkono wa kushoto.

Fidia ya kuumia kazini siyo pole! Tangu Julai 2016 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unalipa: matibabu, asilimia 70 ya mshahara kipindi mtu hawezi kufanya kazi, na mafao ya ulemavu wa kudumu. Anayechangia ni mwajiri peke yake, asilimia 0.5 tu ya mishahara, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Sasa ajali inafichwa ya nini wakati mlipaji ni Mfuko? Mimi naona ni kwa sababu vibarua hawajawahi kuwachangia, na wakitoa taarifa, OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) watakuja kuiona ile mashine.

Eti "wewe kibarua, huna mkataba". Uongo mtupu. Sheria inatambua hata mkataba wa mdomo. Ila sheria hiyohiyo inataka madai yapelekwe ndani ya miezi 12, na hilo wanalijua vizuri sana. Ndiyo maana kila tukienda, afisa utumishi kasafiri, njoo Jumatatu. Miezi kumi imekatika kwa njoo Jumatatu.

Juzi nimemkuta anahangaika kumfunga mwanawe vifungo vya shati la shule. Mtoto akamwambia, "Baba acha, nitafunga mwenyewe." Nilishindwa kukaa mle ndani.

Jumatatu hii kiwandani hatuendi, tunakwenda WCF wenyewe. Wenzake wawili wa zamu ile wamekubali kuandika maelezo. Kama kuna aliyewahi kurekebishiwa faili la hospitali lililoandikwa uongo, naomba aniambie alianzia wapi.