Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi nyumba moja na bibi wa Kiukraine

Daktari Nusu
Wadau, usingizi umegoma. Nimepanga chumba hapa Warsaw, jiko tunachangia na bibi mmoja wa Kherson, miaka 78. Alivumilia miezi yote Warusi wakiwa mjini, akawaona wakiondoka Novemba 2022, akadhani yamekwisha. Mizinga ikaanza kutoka ng'ambo ya mto Dnipro, ndipo binti yake akamtoa kwa lazima. Binti yuko Kanada, tiketi ya bibi ni ya mwezi ujao.

Sasa kila saa moja jioni bibi anapiga simu ya mezani ya nyumbani kwake Kherson. Hakuna mtu wa kupokea. Anataka asikie inaita tu, maana ikiita nyumba ipo. Anahesabu milio sita kwa vidole, anakata, ndipo anakula. Jana haikuita. Hajala tangu jana. Nifanyeje?

Fundi Minara
Mwambie atulie. Simu ya waya inapata umeme wake kutoka kituo cha simu, haitegemei umeme wa nyumbani. Kituo kikizimika mtaa mzima unakuwa kimya na nyumba zimesimama.

Mchaga Asiye na Duka
Usimpe matumaini ya bure. Mwambie ukweli apande ndege.

Mama Wawili
Mpikie uji kwanza, habari za simu baadaye.

Daktari Nusu
Nimempikia hrechka, ule uji wao wa punje za kahawia. Kasema nimeunguza. Kweli niliunguza.

Sizinguki
Mna huruma sana. Hao si ndio waliokuwa wanawashusha wanafunzi wetu kwenye treni Februari 2022? Mmesahau mapema.

Daktari Nusu
Mkuu, nilikuwepo. Nilikuwa mwaka wa nne Kharkiv. Nilisukumwa mlangoni pa behewa mpaka mkono wa koti ukachanika, na koti ninalo hadi leo. Aliyenisukuma hakuwa bibi wa miaka 78.

Sizinguki
Sawa, ila mjukuu wake je?

Mama Wawili
Jamani, mtu hajala.

Mlezi wa Winnipeg
Dada na kaka zangu, huu uzi umenitonesha. Nimelea wazee Winnipeg miaka kumi na moja, na huku wenye asili ya Ukraine ni wengi mno. Kuna bibi mmoja niliyemlea, sitataja jina lake, ameshatangulia.

Alizaliwa 1925 kijijini karibu na Poltava, upande wa Ukraine uliokuwa wa Kisovieti. Njaa ya 1932–33, ile ya Stalin kuwanyang'anya wakulima nafaka, ilimkuta na miaka saba, ikaondoka na wadogo zake wawili. Hadi uzee alikuwa analowesha kidole na kuokota chembe za mkate mezani, hata kwa watu. Mwaka 1942 Wajerumani wakamkamata sokoni, mabehewa ya mizigo, hadi shamba moja Bavaria. Kifuani kibandiko cha bluu kimeandikwa OST, yaani Mashariki kwa Kijerumani, akivua ni kipigo.

Vita vikaisha, yuko kambi ya Wamarekani. Mnadhani ni afueni? Wakubwa wa Marekani, Uingereza na Usovieti walikubaliana Yalta, Februari 1945, kwamba raia wa Kisovieti warudishwe kwao. Maofisa wakawa wanakuja na orodha, na waliorudi walihojiwa kama wasaliti, wengine wakaishia kambi za kazi ngumu. Ila aliyezaliwa Galicia, upande uliokuwa Poland hadi 1939, hakulazimishwa. Basi rafiki yake wa kitanda cha juu, binti wa karibu na Ternopil, huko huko Galicia, akamfundisha kijiji chake usiku mmoja. Kanisa liko wapi, padri anaitwaje, mto unaitwaje. Mto ni Seret. Asubuhi akajibu kila swali. Ndivyo karatasi zake zilivyoandikwa, na ndivyo alivyoingia Kanada 1948 kwa mkataba wa kazi za ndani. Akaolewa, akazaa, wote wakiamini mama ni wa Ternopil.

Mwaka 2019 nampeleka kliniki, kumbukumbu zimeshaanza kupotea. Nesi anauliza kazaliwa wapi. Bibi akanibana mkono, akataja kijiji, kanisa, padri, bila kuulizwa. Usiku ule nambadilisha nguo ananinong'oneza: "Ofisa ameondoka? Sikusema Vorskla?" Vorskla ndio mto wa Poltava. Akaziba mdomo kwa viganja viwili kama mtoto aliyetukana. Hadithi yote niliipata vipande vipande, usiku, miezi mitatu.

Msibani padri akasoma: mzaliwa wa Ternopil. Nilinyamaza. Hadi leo sijui kama nilifanya sawa.

Chai ya Tangawizi
Chai hii, sukari imezidi. Usiku mmoja tu akariri kijiji kizima?

Mlezi wa Winnipeg
Ukijua ukikosea unarudishwa, na wewe utakariri.

Mjukuu wa Tengeru
Si chai. Nimekulia Tengeru, Arusha, karibu na makaburi ya Wapolandi. Walifika kama elfu tano kuanzia 1942, wale ambao Stalin aliwahamishia Siberia. Wengi vijiji vyao leo viko Ukraine.

Sizinguki
Hao ni Wapolandi, usichanganye mambo.

Mjukuu wa Tengeru
Lviv na Ternopil zilikuwa Poland hadi 1939, ndugu yangu. Soma tena hapo juu.

Mchaga Asiye na Duka
Dada mlezi, ulikosea. Watoto wana haki ya kujua kwao. Kuna shangazi zao Poltava labda.

Mama Wawili
Hakukosea. Siri ya mgonjwa haitolewi msibani.

Fundi Minara
Naunga mkono wote wawili.

Sizinguki
Dada, huo mto wa kweli uandike tena.

Mlezi wa Winnipeg
Vorskla.

Mama Wawili
Mwenye uzi yuko wapi? Simu imeita?

Daktari Nusu
Nipo. Amepiga mara tatu leo, kimya. Nimemweleza habari ya kituo cha simu, kanijibu kwa Kirusi, lugha ambayo tangu vita anaitumia kwa matusi tu. Halafu akauliza watu gani wananiandikia usiku wote. Nimesema ni wa kwetu, wanakusalimia. Akauliza kama kwetu tunalima viazi. Nikamwambia Lushoto tunalima. Kavuta kiti, anamenya viazi sasa hivi. Maganda membamba mpaka unaona kisu.