Naomba ushauri: Hesabu 1 na Hesabu 9, nawaelezaje?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naombeni msaada, nimekwama.

Naongoza kikundi kidogo cha kujifunza Biblia na tumefika kitabu cha Hesabu. Sura ya 1 inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka wa pili tangu kutoka Misri. Tukaenda vizuri hadi 9:1, ambapo tunarudishwa mwezi wa kwanza wa mwaka uleule! Mzee mmoja akaweka kidole kwenye mstari, akafunua kurasa kurudi nyuma, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hapa walikosea?" Sikuwa na jibu la kueleweka, na iliniuma.

Nimejaribu mifano mingine. Marko 6, ambapo kifo cha Yohana Mbatizaji kinasimuliwa baada ya Herode kuanza kusema amefufuka, waliielewa haraka. Yeremia ndiyo iliwavuruga: sura ya 21 ni ya wakati wa mfalme Sedekia, ya 25 ni ya mfalme Yehoyakimu aliyetawala kabla yake.

Mimi naamini mpangilio ni wa makusudi. Waliokuwa najisi wakati wa Pasaka ya mwezi wa kwanza waliruhusiwa kuila tarehe 14 ya mwezi wa pili (9:11), na safari ikaanza tarehe 20 (10:11). Kwa hiyo mwandishi anarudi nyuma ili tuelewe kwa nini Pasaka hiyo ya pili iko hapo.

Je, hoja hii inasimama? Na kwa Yeremia, mngeanza na sura ipi ili wazee wasitikisike?