Mrejesho: Ukurasa wa benki uliokuwa unanirudisha mwanzo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini tovuti ya benki, nikishaweka nywila, inanirudisha pale pale pa kuingilia, na kama nikifuta kuki (vidakuzi, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari ili ikukumbuke) nitapoteza kila kitu.

Aliyesema nifute kuki za benki peke yake, Mungu ambariki. Kwenye Chrome ya kompyuta nilibofya kialama kilicho kushoto mwa anwani, nikaingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, nikabofya kipipa cha taka mbele ya jina la benki. Hola, bado ikanirudisha mwanzo. Kumbe anwani zilikuwa mbili, na ile ya kuingilia ilijitenga. Nikafuta zote, nikafunga kivinjari, nikafungua upya: salio hilo hapo!

Benki ilinitumia namba ya uthibitisho kwa meseji, maana haikuitambua tena kompyuta yangu. Barua pepe haikuguswa, wala nywila nilizohifadhi.

Ila kompyuta hii ni ya dukani, tunaitumia watatu, na hilo lilininyima usingizi. Siku hizi mambo ya benki nayafanyia kwenye dirisha fiche (lile lisilobakiza kuki wala historia likishafungwa), na nikimaliza nabofya "Ondoka" kwanza ndipo nafunga. Asanteni sana.